Kitita cha Munich: Hundi kubwa haikununua soko

MKULIMA wa kabichi wa Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, anaijua tofauti kati ya mnunuzi na mteja. Mnunuzi hupanda mlimani siku mzigo umeadimika mjini, akataja bei ya kushangaza na kuondoka na magunia yote. Mteja hupanda kila wiki, bei ikiwa nzuri au mbaya. Mkulima mwenye busara humuuzia yule wa kwanza, lakini hamtupi yule wa pili.

Somo hilo, ambalo Mgeta hupatikana bure, liliwagharimu mamilioni ya dola waandaaji wa mashindano ya tenisi yaliyosifika kwa zawadi nono kuliko yote duniani. Kombe la Grand Slam lilichezwa kila mwaka ndani ya ukumbi wa Olympiahalle mjini Munich, Ujerumani, kuanzia 1990 hadi 1999. Leo halipo tena, na historia yake inafaa kusomwa na kila anayeweka fedha zake mahali kwa kuvutiwa na ukubwa wa malipo.

Ugomvi wa soko

Chanzo cha kombe hilo hakikuwa mchezo bali biashara. Hadi mwaka 1989 msururu wa mashindano ya wanaume uliongozwa na baraza lililowakutanisha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF), wachezaji na waandaaji wa mashindano. Mwaka 1990 chama cha wachezaji, ATP, kilijitoa na kuanzisha msururu wake chenyewe, pamoja na fainali ya kufunga mwaka iliyochezwa Frankfurt.

Upande wa pili ulibaki na mashindano manne makubwa: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. ITF ikajibu kwa kuanzisha kombe lake la kufunga mwaka. Wachezaji 16 waliofanya vizuri zaidi katika mashindano hayo manne walialikwa Munich kugombea jumla ya dola milioni 6.

Hivyo nchi moja ikawa na maduka mawili yanayouza bidhaa ileile, katika msimu uleule. Wakati huo Ujerumani ilikuwa soko linalochemka, kwani Boris Becker na Steffi Graf walikuwa wameifanya tenisi kuwa mchezo wa kila nyumba. Frankfurt ilikuwa na pointi za orodha ya ubora duniani. Munich ilianza bila pointi hizo. Silaha yake ilikuwa fedha.

Dola milioni 2 kwa wiki moja

Bingwa wa kwanza, Mmarekani Pete Sampras, aliondoka na dola milioni 2. Miezi mitatu kabla, kwa kushinda mashindano ya wazi ya Marekani, alikuwa amelipwa dola 350,000. Maana yake ni kwamba Munich ililipa karibu mara sita ya ubingwa ambao ndio hasa uliompa Sampras jina. Brad Gilbert, aliyefungwa katika fainali hiyo, alipata dola milioni 1.

Mwaka 1991 kitita cha dola milioni 2 kilikwenda kwa David Wheaton, mchezaji ambaye hakuwahi kushinda ubingwa wa Grand Slam wa mchezaji mmoja mmoja. Katika maisha yake yote ya tenisi Wheaton alipata zawadi za takriban dola milioni 5.2. Zaidi ya theluthi moja ya fedha hizo ilitoka katika wiki hiyo moja.

Wachezaji walikuja, na walikuwa wakubwa. Michael Stich alishinda 1992, Becker 1996, na Sampras akarudia 1997. Mwaka 1998 waandaaji waliongeza mashindano ya wanawake: Venus Williams akashinda mwaka huo, na mdogo wake Serena akamfunga katika fainali ya 1999. Bidhaa haikuwa mbovu hata kidogo.

Kilichokosekana ni sababu ya kuwepo kwake. Mchezaji aliihitaji fainali ya ATP ili ahesabiwe katika orodha. Munich aliihitaji kwa ajili ya hundi tu. Wahasimu hao wawili walipokubaliana, haikuwepo tena haja ya kulipia maduka mawili. Fainali ya ATP na Kombe la Grand Slam viliunganishwa, na mwaka 2000 likachezwa Kombe jipya la Masters mjini Lisbon, Ureno, ambako Gustavo Kuerten wa Brazil alitwaa ubingwa. Jina la Munich likafutika.

Jirani yetu wa 1990

Wakazi wa Morogoro wana mfano wao wa karibu. Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilisimikwa mitambo ya kisasa kwa matumaini ya kuuza viatu Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na uzalishaji ulisimama mwaka 1990, mwaka uleule Sampras alipopokea hundi yake.

Mambo haya mawili hayafanani kwa kila kitu. Morogoro bidhaa yenyewe haikutoka. Munich ilitoka tena ikiwa safi. Lakini kote kuwili fedha zilitangulia na mteja akatarajiwa kufuata nyuma.

Kilichobaki

Lipo fungu moja la fedha za Munich ambalo halikuishia mifukoni mwa mabingwa. Kombe lilipoanza, dola milioni 2 zilitengwa kando ya zawadi kwa ajili ya Mfuko wa Maendeleo wa Grand Slam, unaosaidia tenisi katika nchi zisizo na uwezo. Afrika Mashariki haikuwahi kutoa mchezaji hata mmoja kati ya wale 16 wa Munich. Kwa nchi kama zetu, fungu hilo dogo ndilo lililokuwa na maana, na mfuko huo haukufa pamoja na kombe.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, hesabu ya kuchukua ni hii. Unapoonyeshwa gawio nono au bei ya kupindukia, usiulize kwanza ni kiasi gani. Uliza nani analipa, kwa nini analipa, na kama mlipaji huyo atakuwa na sababu ya kurudi siku ugomvi wake na jirani yake utakapokwisha. Jibu likikosekana, chukua bei ya leo, lakini usimfukuze mteja wako wa kila wiki.