Mshairi Hafi Akitajwa

Mwaka 1818, mjini London, mwandishi William Hazlitt alitoa mihadhara mbele ya watu juu ya washairi wa Uingereza. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana John Keats, aliyekuwa amejifunza utabibu akauacha kwa ajili ya mashairi. Mwaka 1821 Keats alifariki mjini Roma kwa kifua kikuu, mwenye umri wa miaka 25, naye aliagiza jina lake lisiandikwe kaburini. Lakini nyumba alimofia ni makumbusho tangu mwaka 1909, na jina lake halijafutika.

Zama zile zile Mombasa ilikuwa na mshairi wake, Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilikaa vinywani mwa wazee mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya. Mwaka 1940 zikapigwa chapa kuwa kitabu.

Februari 2024 wengi wa Sake walikimbia vita kwenda Goma. Mkimbizi habebi kabati la vitabu. Hadithi ya babu huibeba moyoni. Basi, enyi vijana, waulizeni wazee wenu wangali hai, andikeni wanayowaambia, mkayasome mbele ya jumuiya, ili nao wasisahauliwe.