Kimiminika cha Nikotini: Namna Kinavyoharibika na Mahali Kinapopaswa Kuwekwa

Sigara ya kielektroniki ni kifaa kinachotumia betri kupasha moto kimiminika hadi kigeuke mvuke ambao mtumiaji huuvuta mapafuni. Katika umbo linalojulikana leo, kifaa hiki kilibuniwa nchini China mwaka 2003 na mfamasia Hon Lik, na baadaye kikasambaa duniani kote. Pamoja nacho ilisambaa chupa ndogo ya kukijazia, ambayo sasa hupatikana katika mikoba, magari, vyumba vya kulala na majokofu ya familia.

Watumiaji hutaka kujua kimiminika hicho hudumu kwa muda gani, kama kubadilika kwa rangi ni dalili ya kuharibika, na kama inafaa kukiweka kwenye jokofu. Makala haya yanajibu maswali hayo. Hata hivyo, ni vyema ieleweke tangu mwanzo kwamba kukihifadhi kimiminika ili kisiharibike, na kukihifadhi ili kisidhuru watu, ni mambo mawili tofauti. Wakati mwingine mambo hayo hupingana, na yanapopingana, usalama wa watu ndio unaopaswa kutangulizwa.

Kilichomo ndani ya chupa

Kimiminika cha kawaida kina vitu vinne: propilini glikoli, gliserini, viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Propilini glikoli na gliserini ndizo zinazobeba vitu vingine. Zote mbili hazina rangi, zina utamu kiasi, na hunyonya unyevu kutoka hewani. Viwanda vya dawa na vyakula huzitumia pia.

Nikotini ni kemikali itokanayo na mmea wa tumbaku. Ikiwa safi, ni majimaji yenye mafuta, yasiyo na rangi, na hupenya ngozi kwa urahisi. Wavunaji wa tumbaku katika nchi mbalimbali huugua kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na udhaifu wanaposhika majani yaliyolowa umande au mvua, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi na kuingia katika damu. Wahudumu wa afya katika wilaya zinazolima tumbaku, kama vile Urambo, wanapaswa kuufahamu ugonjwa huo. Kimiminika kinachomwagika mkononi au kwenye nguo huweza kudhuru kwa njia iyo hiyo.

Kiasi cha nikotini ndicho kinachostahili kuangaliwa kwanza. Mtu anayevuta sigara moja ya kawaida huingiza mwilini takriban miligramu 1 hadi 2 za nikotini. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 20 katika kila mililita ina jumla ya miligramu 200. Chupa ya mililita 30 yenye miligramu 50 katika kila mililita ina miligramu 1,500. Nikotini ya kuchanganya nyumbani huweza kuwa na miligramu 100 katika kila mililita, hivyo chupa moja ya mililita 100 hubeba gramu 10 nzima.

Namna kimiminika kinavyobadilika

Mambo manne hukiharibu kimiminika: joto, mwanga, hewa na kupita kwa muda. Nikotini inapokutana na oksijeni huoksidika polepole na kugeuka kemikali nyingine. Rangi yake hubadilika kutoka weupe wa maji hadi manjano, kisha kahawia. Mwanga na joto huharakisha badiliko hilo. Kila chupa inapofunguliwa, hewa mpya huingia, na chupa iliyobaki nusu huwa na hewa nyingi zaidi ya kukutana na nikotini kuliko chupa iliyojaa.

Rangi pekee, hata hivyo, si kipimo cha kuaminika. Vanilini, inayotoa ladha ya vanila, nayo hukifanya kimiminika kuwa cheusi kadiri siku zinavyopita. Aidha, kimiminika kilichogeuka kahawia huweza kuwa bado kina sehemu kubwa ya nikotini yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba chupa iliyobadilika rangi imepoteza nguvu na haiwezi tena kumdhuru mtoto.

Viungo vya ladha navyo havitulii. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke nchini Marekani walionyesha kwamba kemikali za kundi la aldehaidi, zikiwemo zile zinazotoa ladha ya vanila na ya mdalasini, huungana na propilini glikoli ndani ya chupa katika joto la kawaida la chumba. Muungano huo huzaa kemikali mpya ziitwazo asetali, ambazo husisimua vipokezi vya neva vinavyohusika na mwasho katika njia ya hewa. Vilevile asetoini, inayotumiwa katika ladha za siagi na krimu, huweza kugeuka polepole kuwa diasetili. Diasetili ndiyo kemikali iliyohusishwa na ugonjwa mbaya wa mapafu uliowapata wafanyakazi wa kiwanda cha bisi katika jimbo la Missouri, ugonjwa uliogunduliwa mwaka 2000. Kwa ufupi, chupa iliyokaa muda mrefu huweza kuwa na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye lebo, hata kama mtengenezaji hakudanganya.

Joto lina madhara mengine pia. Gliserini hulainika inapopata moto, na kimiminika hutanuka, hivyo chupa au kifaa huvuja kwa urahisi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 30 na zaidi, kuacha chupa dirishani au ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuiharibu na kuhatarisha watakaoishika.

Maana ya tarehe iliyoandikwa kwenye chupa

Watengenezaji wengi huandika ukomo wa matumizi wa mwaka 1 hadi 2. Muda huo unahusu chupa ambayo haijafunguliwa na iliyohifadhiwa mahali pakavu, penye ubaridi na giza. Chupa ikishafunguliwa, tarehe hiyo haitoshi tena kuwa mwongozo. Inashauriwa mtumiaji aandike kwenye lebo siku aliyoifungua, na aiache chupa yenye harufu au ladha iliyobadilika, iliyojitenga hata baada ya kutikiswa, au iliyoingia uchafu.

Tarehe hiyo haithibitishi kwamba mvuke ni salama kabla ya kufika kwake, wala haimaanishi kwamba sumu imekwisha baada ya kupita. Mwaka 2019 wagonjwa wengi nchini Marekani walipata madhara makubwa ya mapafu baada ya kuvuta mvuke, na hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walifikia 2,807, wakiwemo 68 waliofariki. Uchunguzi uliihusisha zaidi asetati ya vitamini E, iliyokuwa imeongezwa hasa katika vimiminika vyenye kemikali ya bangi. Vitamini E humezwa na watu wengi bila tatizo, lakini kitu kinachofaa tumboni si lazima kifae mapafuni. Kwa sababu hiyo, mafuta ya aina yoyote hayapaswi kamwe kuongezwa katika kimiminika cha kuvuta.

Chanzo cha viambato kina uzito uleule. Gliserini na propilini glikoli zisizopimwa huweza kuwa na dietilini glikoli, sumu inayoua figo. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliikuta sumu hiyo katika kijazio kimojawapo cha sigara za kielektroniki ilizozipima. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi zenye sumu hiyo zilizokutwa Gambia, ambako watoto wengi walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Chupa isiyo na lebo, au iliyojazwa upya na muuzaji asiyejulikana, isitumiwe.

Suala la jokofu

Baadhi ya watumiaji hushauriana kuweka nikotini kwenye jokofu ili idumu. Kikemia ushauri huo una msingi, kwa kuwa ubaridi na giza hupunguza kasi ya kuoksidika. Lakini jokofu la nyumbani ndimo yalimo maziwa, juisi na maji ya watoto. Mtoto amefundishwa kwamba kilichomo humo huliwa au hunywewa, na chupa yenye picha ya embe au stroberi haimpi sababu ya kufikiri vinginevyo. Miezi michache ya uhai wa kimiminika hailingani na uhai wa mtoto.

Hatari hii si ya kufikirika. Nchini Marekani, simu zilizopigwa katika vituo vya ushauri wa sumu kuhusu sigara za kielektroniki zilikuwa 1 kwa mwezi Septemba 2010, na zikafika 215 kwa mwezi Februari 2014. Zaidi ya nusu zilihusu watoto wa chini ya miaka 5. Desemba 2014 mtoto wa mwaka 1 katika jimbo la New York alifariki baada ya kumeza nikotini ya maji. Baadaye nchi hiyo ilipitisha sheria inayotaka chupa hizo ziwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuufungua kwa urahisi. Umoja wa Ulaya nao uliweka ukomo wa mililita 10 kwa chupa ya kujazia na miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita.

Afrika Mashariki ina fundisho lake la miaka mingi: mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda na kuwekwa pembeni mwa jiko yamewapeleka watoto wengi hospitalini. Kimiminika cha nikotini kifuate kanuni zilezile zinazopaswa kufuatwa kwa mafuta ya taa na dawa za wadudu:

1. Kibaki katika chupa yake ya asili yenye lebo. Kisihamishiwe katika chupa ya maji, soda au dawa.
2. Kifungiwe kwa ufunguo katika kabati lililo juu, pakavu na gizani, mbali na jiko na dirisha, na ikiwezekana pasipozidi nyuzi 25 za joto.
3. Mfuniko ufungwe kila baada ya matumizi. Mkoba wenye chupa au kifaa usiachwe sakafuni au kitandani, hata nyumbani kwa jamaa.
4. Kisinunuliwe kwa wingi. Anayekitumia ili aache sigara anunue kidogo, kwa kuwa chupa ndogo huisha kabla ya kuharibika na hupunguza sumu iliyomo nyumbani.
5. Kuchanganya nikotini nyumbani kuepukwe. Asiyeepuka avae glavu, na watoto wasiwepo karibu.

Mtu akimeza au akimwagikiwa

Kikimwagika mwilini, nguo iliyolowa ivuliwe mara moja na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Kikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Kikimezwa, mdomo usuuzwe na mgonjwa apelekwe hospitalini bila kuchelewa, hata kama bado anaonekana mzima. Asilazimishwe kutapika, kwa sababu degedege huweza kuanza ghafla na matapishi yakaingia mapafuni. Asipewe maziwa wala mafuta kama tiba. Chupa yenyewe ichukuliwe, ili mhudumu asome kiasi cha nikotini kilichoandikwa.

Kwa wahudumu wa afya

Dalili za awali huanza kwa kawaida ndani ya dakika 15 hadi saa 1: kutapika, mate mengi, jasho, weupe wa ngozi, maumivu ya tumbo, mapigo ya haraka ya moyo na kutetemeka. Sumu ikiwa nyingi, hatua ya pili hufuata: mapigo hupungua, shinikizo la damu hushuka, misuli hulegea, mgonjwa hupata degedege na huweza kushindwa kupumua. Picha hii hufanana sana na ile ya sumu ya dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti. Mtoto anapofika zahanati akiwa na mate mengi na misuli inayochezacheza, wazazi waulizwe kuhusu dawa za wadudu na pia kuhusu sigara za kielektroniki.

Hakuna dawa maalumu inayoondoa sumu ya nikotini. Tiba ni kulinda njia ya hewa na kusaidia upumuaji, kudhibiti degedege kwa dawa za kundi la diazepamu, kutoa majimaji kwenye mshipa shinikizo linaposhuka, na atropini pale mapigo yanapopungua au mate yanapozidi. Mtoto asiye na dalili aangaliwe kwa saa 4 hadi 6.

Vitabu vingi vya zamani huandika kwamba miligramu 60 humuua mtu mzima. Mwaka 2014 Bernd Mayer wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, alichambua chanzo cha kiwango hicho na kukadiria kwamba kiwango halisi huanzia miligramu 500, yaani takriban 6.5 kwa kila kilo ya uzito. Makadirio hayo yasimtulize mtu. Kwa mtoto wa kilo 10 ni miligramu 65, ambazo zimo katika mililita 3 na robo za kimiminika cha 20, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Dalili kali huanza kwa kiasi kidogo zaidi ya hapo.

Chupa zilizopitwa na wakati zisimwagwe katika sinki, choo au shimo la taka wanakocheza watoto, wala vifaa vyenye betri visichomwe moto. Zibaki zimefungwa hadi mtumiaji apate ushauri wa mfamasia kuhusu namna ya kuziteketeza. Wahudumu wa kliniki, wanapomuuliza mgonjwa kama anavuta sigara, wamuulize pia kama ana kimiminika hicho nyumbani, kinakaa wapi, na nani mwingine anaweza kukifikia.