Maji na Samadi kwa Minyanya ya Uani

Wengi wetu tukaao pwani hii, toka Mikindani na Mtwara hata Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, hupanda minyanya michache nyuma ya nyumba. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu: huanza mwezi wa Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei. Kiangazi ndiyo majira mema ya nyanya, kwa maana wakati wa mvua majani hushikwa na ukungu upesi. Lakini kiangazi ndipo maji yapatikanapo kwa taabu. Debe moja huchukua lita 18, na uzito wake ni kilo 18. Na alichukuaye kichwani toka kisimani mara nyingi ni mama au binti wa nyumba. Kwa hiyo leo nataka kuwaelezeni jinsi maji hayo yasivyopasa kupotea bure.

Kwanza yafaa tujue tabia ya udongo wetu. Karibu na bahari udongo ni mchanga, na mchanga ni kama chekeche. Maji yakimiminwa hupita kwenda chini, nayo huchukua pamoja nayo chakula cha mmea. Basi atiaye maji mengi penye mchanga mtupu hupata hasara mbili: hupoteza maji, tena hupoteza mbolea. Dawa ni samadi iliyooza vema, ambayo hushika maji kama sifongo, na kulisha mizizi pole pole. Mkitaka kuokoa maji, anzeni na samadi.

Samadi ya mbuzi ni njema, na ya kuku ina nguvu zaidi. Lakini samadi mbichi huunguza mizizi, tena yaweza kuleta magonjwa kwa mlaji. Ilundikeni kivulini pamoja na majani makavu, inyunyizieni maji kidogo, igeuzeni mara kwa mara, mwiache miezi miwili au mitatu. Isipokuwa na joto wala harufu, ikawa yavunjika vunjika mkononi kama udongo mweusi, iko tayari. Chimbeni shimo la futi moja kwenda chini na futi moja kwa upana. Changanyeni udongo wake na robo ya debe ya samadi. Ikiwa ni ya kuku, nusu ya kipimo hicho yatosha. Kisha pandeni mche jioni, jua likiisha kupoa.

Sasa tuje kwenye maji. Mche mchanga huhitaji nusu lita kwa siku. Mmea wenye matunda, penye mchanga na jua kali, huhitaji lita moja hata mbili. Yaani debe moja lafaa kwa mimea kumi au kumi na miwili. Walio bondeni kwa Ruvuma, kama Kitaya, wenye udongo mzito, wasifuate kipimo hiki kila siku. Chomeni kidole udongoni: ikiwa chini kuna unyevu, ngojeni kesho.

Mwagilieni asubuhi, kwa kata, shinani pole pole. Msiyaloweshe majani, kwa kuwa jani lenye maji hualika ukungu. Kisha funikeni udongo kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, bila kuligusa shina. Jua halitaufikia udongo, nayo maji yatadumu.

Jambo kubwa ni kutokatiza. Wako watu waachao mimea siku nne ikauke, kisha huimwagia debe zima kwa huruma. Tunda lililokuwa likikua kwa kiu hupasuka. Tena kitako chake huwa cheusi, kikabonyea na kuoza. Wengine hudhani ni wadudu au uchawi, sivyo. Mmea hupandisha kalisi, ambayo ni asili ya chokaa, kwa njia ya maji, na maji yakikatika tunda huikosa.

Kisima kilicho karibu na bahari chataka hadhari, hali kadhalika mto mahali ambapo maji kujaa huingiza chumvi. Onjeni kwa ncha ya ulimi, mteme. Maji ya chumvi huunguza kingo za majani, na chumvi hubaki udongoni mpaka mvua iioshe. Ni heri maji machache yaliyooshea mchele au mboga, mradi hayana sabuni wala chumvi.

Maua yakianza, ongezeni konzi mbili za samadi kuzunguka kila mmea, mbali na shina kiasi cha shubiri. Konzi moja ya majivu ya kuni nayo yafaa, lakini msiyachanganye na samadi lunduni, maana nguvu ya samadi hutoroka hewani. Mwenye mbolea ya dukani atie kijiko kimoja cha chai tu kwa mmea, kisha amwagilie. Msidhani wingi ndiyo wema: mmea ulioshiba mno hutoa majani mengi mazuri na nyanya chache.

Basi, wasikilizaji, kabla ya kumtuma mtoto kisimani mara ya pili, tazameni kwanza shimoni mwa mnyanya: je, mna samadi ya kuyashika maji aliyokwisha kuyaleta?