Ua wa minyaa haufi kwa panga tu

Vijana wengi hapa Tabora wananiuliza namna ya kuondoa ua wa minyaa ili wapanue bustani za nyanya. Ua huu ni wa zamani: misafara ya karne ya 19 ilikuta vijiji vya Unyamwezi vimezungushiwa minyaa. Hupandwa kwa kuchomeka vipande tu, na balaa ndipo linapoanzia. Kipande ukikiacha kwenye udongo wenye unyevu, kinaota upya.

Mimi nashauri uanze Juni, mvua zikishakata. Kata matawi, yaanike juu ya kichanja mpaka yakauke kabisa. Visiki vikichipua, kata machipukizi yote, rudia kila yanapotoka. Mizizi ikikosa chakula inachoka. Oktoba ng'oa kwa sururu. Kisiki kikubwa chaweza kudai msimu wa pili.

Ila macho, jamani! Utomvu ule mweupe unaweza kukupofusha kwa siku kadhaa. Vaa miwani ya kujikinga, glavu na shati la mikono mirefu. Watoto wakae mbali. Ukikuingia jichoni usisugue. Osha mfululizo kwa maji safi dakika 15, halafu nenda kituo cha afya. Na usichome matawi mabichi, moshi wake nao unawasha.