Uzi: Ati jua kali hawalipi ushuru? Tuanze na bei ya diski na rodi

1/ Wadau, kila msimu wa siasa kuna kauli mbili hurudi kwenye runinga na mikutano. Ya kwanza: "Jua kali ni sekta kubwa lakini hailipi ushuru." Ya pili: "Mkituchagua, tutawashushia mafundi bei ya vifaa." Zote hupigiwa makofi. Leo nataka tuzifungue hizi kauli kwa kutumia vitu ambavyo fundi wa chuma hununua karibu kila siku: rodi za kuchomelea, diski za kukatia, msasa, thina na rangi.

2/ Nina karakana ndogo ya mageti na madirisha hapa Nairobi, na kazi ya kununua vifaa ni yangu. Hapa sipigii mtu debe. Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba hivi vifaa vinaisha kazini. Mteja anaona mabomba na mabati, hata anaweza kwenda dukani kuuliza bei yake. Lakini sijawahi kuulizwa na mteja geti lake limekula diski ngapi. Kwa hivyo bei ya diski ikipanda, mara nyingi fundi ndiye huibeba mfukoni mwake.

3/ Sasa, ndani ya hiyo bei kuna nini? Bidhaa ikitoka nje ya Afrika Mashariki, kwanza kuna ushuru wa forodha. Kwa kawaida madaraja ni 0% kwa malighafi, 10% kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, na 25% kwa zilizokamilika. Tangu Julai 2022 kuna daraja la 35% kwa baadhi ya bidhaa. Juu yake Kenya inaweka ada ya IDF 2.5%, ushuru wa reli 2%, halafu VAT 16%.

4/ Tufanye hesabu. Tuseme mzigo wa shilingi 100 umefika Mombasa, na uko kwenye daraja la 25%. Forodha ni 25. IDF ni 2.50. Reli ni 2. VAT inahesabiwa juu ya 125, kwa hivyo ni 20. Jumla 149.50. Hapo bado hujalipa lori, ghala, faida ya mwagizaji wala ya mwenye hadiwea. Huu ni mfano tu. Kila bidhaa ina daraja lake. Lakini sasa unaona nusu ya bei ya bandarini inaweza kuongezeka kabla mzigo haujafika Industrial Area.

5/ Angalia pia vile viwango hubadilika. Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa mwezi wa Juni baada ya maandamano, na wengi tukadhani mambo ya ushuru mwaka huo yameisha. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo sheria nyingine ya ushuru ikapita, na ushuru wa reli ukatoka 1.5% hadi 2%. Nusu asilimia haijazi watu barabarani. Lakini imo ndani ya bei za bidhaa nyingi tunazoagiza.

6/ Wacha turudi kwa "hawalipi ushuru". Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT ikinunua vifaa, ile 16% inaitoa kwenye VAT inayodaiwa na KRA. Fundi ambaye hajasajiliwa hana pa kuidai. Usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, na karakana nyingi za mtaani haziko karibu na hapo. Unaweza kujisajili kwa hiari, lakini basi mama anayetaka dirisha ataongezewa 16%, na atahamia kwa jirani yako. Kwa hivyo fundi mdogo anailipa VAT, ila jina lake halionekani kwenye vitabu vya KRA.

7/ Halafu kuna ushuru wa mauzo, ule wa 3%, kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Huo unakatwa kwenye mauzo yote, si faida. Mfano: geti la 30,000, vifaa 20,000. Ushuru ni 900. Lakini kilichobaki mkononi kilikuwa 10,000, na hapo bado hujalipa msaidizi, stima na kodi ya kibanda. 900 kwa 10,000 ni 9%. Vifaa vikipanda hadi 24,000 na mteja akatae kuongeza, ushuru ni 900 ile ile, lakini sasa ni 15% ya kile kilichobaki. Ndiyo maana bei ya vifaa na ushuru wa fundi ni mjadala mmoja.

8/ "Basi ondoeni ushuru wa vifaa!" Pole pole. Misumari, rangi na mabati mengi hutengenezwa hapa hapa Kenya, na kuna watu wanakula kutokana na hivyo viwanda. Ushuru wa forodha uko hapo kwa sehemu ili kuwalinda. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta ushuru mwingine wa 17.5% kwa baadhi ya chuma kisichokamilika kinachotoka nje ya Afrika Mashariki, kwa hoja hiyo hiyo. Mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma anafurahi. Anayenunua hicho chuma akitengeneze bidhaa nyingine analia. Fundi yuko mwisho wa foleni. Mtu akikuahidi kulinda viwanda NA kushusha bei ya vifaa kwa pumzi moja, mwambie akuonyeshe ni bidhaa gani iko upande gani.

9/ Na ushuru si kila kitu. Kuna mikono ya kati. Mwagizaji, muuza jumla mjini, hadiwea ya mtaani, kisha wewe. Kila mkono unachukua chake, na kwa haki, maana anabeba mzigo na hatari. Kama unatafuta nafuu leo, bila kungoja uchaguzi, ruka mkono mmoja. Diski na rodi uliza Kirinyaga Road na kwa wauzaji wa jumla wa Industrial Area. Mabati na vyuma vilivyotumika, Kamukunji. Uliza bei ya moja, ya pakiti na ya katoni, halafu toa nauli na muda wako kabla hujashangilia.

10/ Sasa mbona mafundi hununua diski moja moja kwa hadiwea ya kona, na wanajua katoni ni nafuu? Kwa sababu pesa ya katoni haipo. Mteja ameleta arubuni, arubuni imeingia kwa mabomba, kilichobaki ni cha diski mbili. Ama hadiwea inakuandikia kwa kitabu ukilipa Jumamosi, na hilo deni liko ndani ya bei. Mfuko wa mikopo wa serikali ulioanza Novemba 2022 kwa riba ya 8% kwa mwaka ulitangazwa ukiwa na mikopo ya kibinafsi ya shilingi 500 hadi 50,000. Anayeanzia 500 hanunui katoni. Mwanasiasa akisema "tumewapa mtaji", uliza kiasi, si jina la mfuko.

11/ Kitu kinachosaidia ni kununua pamoja. Sisi ni karakana tano kwenye mtaa mmoja. Kila Ijumaa kila mtu anatuma pesa ya vifaa vya wiki kwa mweka hazina, mtu mmoja anaenda mjini, analeta risiti MOJA yenye bei, inapigwa picha, inawekwa kwa kundi la WhatsApp kabla mzigo haujagawanywa. Hakuna kukopeshana kutoka kwa mzigo. Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo imeweka urafiki. Mkifika watu kumi mnaweza kujisajili kuwa chama cha ushirika, na hapo mnaongea na muuza jumla mkiwa na jina.

12/ Tahadhari: rahisi si lazima iwe nafuu. Diski ya kukatia huwa na tarehe ya mwisho kwenye ile pete ya chuma katikati; kwa kawaida ni miaka mitatu tangu itengenezwe. Angalia pia kasi iliyoandikwa: isiwe chini ya kasi ya greinda yako. Diski ikipasuka usoni, hospitali itakula faida ya mwaka. Rodi zilizolala mahali penye unyevu huacha vishimo kwenye weldi, kwa hivyo usinunue pakiti iliyochanika, na ukinunua nyingi zihifadhi pakavu. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Na chukua risiti, hata kama bila risiti umeambiwa bei inashuka. Bila risiti huna pa kurudisha.

13/ Mfano wa vile uamuzi mmoja hugusa vibanda. Januari 2022, baada ya stima kupotea nchi nzima na lawama kuangukia wizi wa vyuma vya nguzo, biashara ya vyuma chakavu ilisimamishwa. Ilifunguliwa tena Mei. Sababu ilieleweka, hakuna anayetaka nguzo zikatwe. Lakini anayetengeneza jiko na sufuria kutoka kwa mabaki ya chuma na alumini alijikuta malighafi yake imefungwa pamoja na ya mwizi. Kwenye mijadala ya usalama wa stima, huyo fundi hakutajwa sana.

14/ Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu na ahadi ya "kushusha gharama kwa jua kali", muulize haya matano:
– Unapunguza nini hasa: forodha, IDF, reli ama VAT? Kwa bidhaa gani?
– Pengo la mapato utalijaza wapi?
– Kiwanda cha hapa kinachotengeneza hiyo bidhaa utakiambia nini?
– Ule ushuru wa 3% utabaki kwa mauzo yote, ama utaangalia gharama ya vifaa?
– Mtaji unaoahidi unatosha katoni, ama ni wa diski mbili?

15/ Na mtu akikuambia fundi halipi ushuru, mwombe ashike diski moja, muihesabu pamoja kutoka bandarini. Mafundi mliomo humu, wekeni hapa chini bei ya pakiti ya rodi za geji 12 mahali mlipo, na kama ni jumla ama rejareja. Tulinganishe Kisumu, Eldoret, Mombasa na Nairobi. Hiyo orodha itatusaidia kesho asubuhi, awe nani amechaguliwa.