Watu wa Tanga waitafuta pwani Kivu, na bei ya dagaa pia

GAHANGA, KIGALI – Rwanda haina bahari. Bandari iliyo karibu zaidi na Kigali ni Dar es Salaam, karibu kilomita 1,500 kwa barabara, na mtu aliyekulia kando ya maji akahamia hapa kutafuta riziki huuhisi umbali huo kila jioni. Watu wa namna hiyo si wachache wilayani Kicukiro. Bandari kavu ya Masaka iko katika wilaya hiyo, malori mengi yanayoingilia Rusumo yanashushia huko, na madereva waliochoka kulala ndani ya kabini hupanga vyumba maeneo ya jirani, Gahanga ikiwemo.

Familia niliyosafiri nayo wiki hiyo ni ya aina hiyo. Baba ni dereva wa lori, mzaliwa wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Mama anauza dagaa wa Mwanza kwa jumla. Wana binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6 aliyezaliwa Kigali. Waliomba majina yao yasiandikwe, kwa kuwa biashara ni ya mtaji mdogo na washindani wanasoma gazeti.

Barabara inayopita Gahanga inateremka hadi daraja la Nyabarongo, inaingia Nyamata na kufika mpaka wa Nemba. Ng'ambo yake ni Burundi, na mbele zaidi Bujumbura na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa njia mojawapo ya mtu wa Gahanga kufika kwenye maji makubwa, na ndiyo njia iliyopandisha mikeke na ndagala. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Aliyekuwa akinunua Bujumbura ilimbidi ageukie upande mwingine, na mama huyu aligeukia Mwanza.

Mwanza ina dagaa wa kutosha. Tatizo ni siku. Lazima aende achague mwenyewe, kwa sababu gunia lisilofunguliwa mbele yake huweza kuwa na mchanga kuliko samaki. Kisha asubiri lori, avuke Rusumo, amalize karatasi na ukaguzi. Mwezi ambao safari yake na ya mumewe zinagongana, watoto hubaki kwa jirani. Jirani ni mwema, lakini binti alianza kuuliza kwa nini yeye ndiye anayesaini daftari la shule la mdogo wake.

Ndiyo maana baba alipopata siku tatu za kusubiri mzigo Masaka, safari ya Kivu ikapangwa kwa sababu mbili. Watoto waonyeshwe pwani, au kitu kinachofanana nayo. Na mama aone kama sambaza wa Kivu wanaweza kumpunguzia safari za Mwanza. Walichagua Jumamosi isiyo ya mwisho wa mwezi, kwa sababu Jumamosi ya mwisho ni ya umuganda, na asubuhi hiyo shughuli husimama nchi nzima hadi kazi ya pamoja imalizike. Mgeni asiyejua hilo hupoteza nusu siku.

Tulipitia Muhanga, barabara ya kona zisizokwisha, tukafika Karongi, mji ambao wengi bado wanauita Kibuye. Ziwa linaonekana ghafla kati ya vilima. Hakuna tambarare ya minazi, hakuna maji kupwa na kujaa. Vilima vinaingia moja kwa moja majini, na vijiji vinaning'inia juu yake na migomba na kahawa zao. Mvulana alikimbia hadi ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akaonja.

“Baba, mbona haina chumvi?”

Baba alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kufikiri mwanawe angeweza kufika umri huo bila kuijua ladha ya bahari.

Kuogelea hapa hakuna hofu ya mamba wala kiboko, kwa sababu Kivu haina wanyama hao. Lina jambo jingine. Ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 450, na chini yake kumeyeyuka gesi ya kaboni na ya methani kwa wingi. Hapo hapo Karongi mtambo wa KivuWatt unavuta methani hiyo na kuzalisha umeme wa megawati 26. Nalitaja hili kwa sababu linahusu dagaa, kama tutakavyoona.

Jua lilipokaribia kuzama wavuvi walitoka. Mtu wa pwani amezoea ngalawa, chombo kimoja chenye magogo mawili ya pembeni ya kukizuia kisipinduke. Wa Kivu wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, wakiacha nafasi katikati, na miti mirefu inachomoza mbele na nyuma kama pembe za kondoo. Wanapiga makasia kwa kuimba. Usiku wanawasha taa, samaki wanaifuata nuru, na wavu ulioshushwa unainuliwa kutoka chini. Baba alisimama kuwatazama hadi taa zikawa nukta juu ya maji. Mbinu ya taa aliijua tangu utotoni kwao, ila hakutarajia kuikuta kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari.

Asubuhi saa 12 mitumbwi ilikuwa imerudi na mabeseni yamejaa. Hapo mambo yakageuka. Mama, ambaye Mwanza anaogopwa kwa kupatana bei, hakuweza kusema zaidi ya salamu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo asiyejua Kiswahili. Binti akasogea mbele, akamsalimu kwa heshima kwa Kinyarwanda, akauliza “angahe?” na kuanza kupatana. Aliteremsha bei mara mbili. Mama alisimama nyuma yake akiwa ameshika pochi, na sijui kama uso wake ulikuwa wa fahari au wa kitu kingine. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini kwenye mialo ya Karongi biashara bado inafanywa kwa lugha ya nyumbani.

Sasa tuje kwenye samaki mwenyewe. Wafanyabiashara wetu humchanganya. Dagaa wa Mwanza, ambaye Mkenya humwita omena na Mganda mukene, ni samaki wa Ziwa Viktoria. Sambaza, au isambaza kwa Kinyarwanda, ni samaki mwingine kabisa. Ni mmoja wa wale wanaouzwa Tanzania kama dagaa wa Kigoma, ambao wanunuzi hulipa zaidi kwa ajili ya ladha. Wala si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, akapandikizwa katika ziwa ambalo eneo lake la wazi halikuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Alizoea, akazaana, na leo vijiji vizima pande zote mbili za ziwa vinamtegemea.

Kwa hiyo kwa ubora, mama hakuwa amekosea. Kikwazo ni wingi. Kivu lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,700 hivi, na Viktoria ni karibu mara 25 ya hapo. Tena maji ya chini ya Kivu, yale yenye gesi, hayachanganyiki na ya juu. Hewa ya oksijeni inaishia kwenye mita 60 za juu au chini ya hapo, na rutuba nyingi imefungiwa kilindini, ambako samaki hawezi kuishi. Ziwa ni refu kwenda chini, lakini shamba lake ni jembamba. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda ili samaki wazaliane, na mfanyabiashara anayetegemea sambaza pekee hukaa bila mzigo.

Kisha kuna hesabu ya kukausha. Kilo moja ya wakavu hutoka kwenye kilo tatu hadi nne za wabichi. Sambaza anauzwa mbichi asubuhi ile ile, au anakaangwa na kuliwa jioni kwa ndizi, na hoteli zinamgombea. Anayetaka kumkausha anashindana na sufuria.

Tukiondoka Karongi tulipita kanisa la mawe lililo juu ya rasi, ambako maelfu ya Watutsi waliokimbilia hapo waliuawa mwaka 1994. Wazazi waliwaeleza watoto kwa maneno machache. Hakuna aliyezungumza mpaka tulipoingia Rutsiro.

Barabara ya kuelekea kaskazini sasa ni lami na inafuata ziwa kilima kwa kilima. Tulisimama mara tatu kwenye vijiji ambavyo havina hoteli wala kibao, mara mbili kwa sababu ya kichefuchefu cha mvulana. Katika kimojawapo wanawake walikuwa wameanika sambaza juu ya vyandarua vilivyoinuliwa kwa vijiti, si chini kwenye mchanga. Mama alishuka, akachota kiganja, akanusa, akavunja mmoja katikati. Hakuna mchanga. Hilo lilikuwa jambo la kwanza lililomfanya atabasamu siku hiyo.

Nyamyumba tuliona chemchemi za maji moto karibu na kiwanda cha bia, na alasiri tukawa Gisenyi, ambako kuna ufuko wa mchanga kweli na watoto wakakataa kutoka majini. Mama na mimi tulikwenda upande wa mpaka mdogo, unaovukwa na maelfu kwa miguu na mabeseni kichwani. Hapa Kiswahili kinatawala, Kiswahili cha Goma chenye franga zake, na ulimi wake ulifunguka. Alipatana na wanawake wawili wenyeji kwa nusu saa. Biashara yao haijatulia. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki za huko kufungwa, wateja wa ng'ambo wanakuja na pesa kidogo, siku nyingine hawaji.

Walimpa wazo ambalo hakulifikiria. Asinunue sambaza wa kuchukua nafasi ya Mwanza, bali mzigo mdogo wa daraja la juu kwa Watanzania na Warundi wa Kigali wanaokumbuka ladha ya Kigoma. Na mzigo huo huo, ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, unaweza kuvuka kwenda nchi nyingine ya Jumuiya kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha, ingawa ukaguzi wa chakula uko pale pale. Walimwonya pia kuhusu mifuko ya plastiki, onyo ambalo mtu wa Rusumo halihitaji.

Kwa hesabu aliyoifanya nyuma ya risiti ya mafuta, mpango huo ungempunguzia safari moja ya Mwanza kati ya tatu. Baba alidhani ni kidogo. Mama alimjibu kwamba safari moja ni siku tisa nyumbani, na binti, aliyekuwa akisikiliza akiwa amejifunika taulo, akauliza zinaanza mwezi gani.

Walinunua kilo 20 za wakavu za kujaribia, zikafungwa kwenye magunia mawili na kuwekwa miguuni pa watoto. Gari lilinuka hadi Musanze. Jumatatu saa 11 alfajiri baba aliitwa Masaka kupakia.