Kutoka Mkonga hadi Pikapu: Yanayobadilika Gari la Huduma Linapobadilika Umbo

Wakazi wa Kata ya Usagara na kata jirani za Jiji la Tanga wanalifahamu vyema gari liitwalo “mkonga”. Ni Toyota Land Cruiser ndefu, yenye bodi iliyofunikwa hadi nyuma, na jina lake limetokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele mithili ya mkonga wa tembo. Wanamfahamu pia ndugu yake, yaani pikapu ya Land Cruiser. Uso wake ni ule ule na mngurumo wake ni ule ule, ila nyuma pana sanduku la wazi.

Ofisi, ushirika, mfanyabiashara au familia inapoacha gari la kwanza na kuchukua la pili, husikika kauli kwamba “gari ni lile lile, limebadilika mgongo tu”. Kauli hiyo ni kweli nusu. Makala haya yanaeleza nusu iliyo kweli, kisha yanaeleza kwa kirefu nusu ya pili, kwa kuwa hiyo ndiyo inayogusa uhai wa watu.

Yasiyobadilika

Magari haya mawili ni ya ukoo mmoja wa Land Cruiser ulioanza kuuzwa mwaka 1984. Mengi yanayotumika nchini yana injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6, isiyo na tabo na isiyotegemea kompyuta. Injini hiyo ilianza kutumika mwaka 1990, na mafundi wa Tanga wameizoea. Gia boksi, klachi, difu, chujio za mafuta na vifaa vingi vya breki ni vya aina moja au vinakaribiana sana. Kwa hiyo anayehama kutoka mkonga kwenda pikapu hahitaji kutafuta fundi mpya, wala kutupa vipuri vyote alivyoviweka stoo.

Uwezo wa kupita njia mbaya nao unabaki. Pikapu hii ina gia ya magurudumu manne na gia nzito ya kupandia milima kama mkonga. Atakayepanda Amani wakati wa masika, au kuingia vijiji vya Maramba, hatakosa nguvu ya injini. Tofauti ataikuta katika namna gari linavyokaa barabarani.

Hali ni hiyo hiyo kwa magari mengine ya jozi. Toyota Fortuner na Toyota Hilux, kwa mfano, zimejengwa juu ya msingi unaofanana, lakini nyuma Fortuner hutumia koili ilhali Hilux hutumia springi za vyuma vilivyopangwa. Mtengenezaji alikusudia la kwanza libebe watu na la pili libebe mzigo, na kusudio hilo halifutiki kwa kuwa magari yanafanana usoni.

Yanayobadilika barabarani

La kwanza ni urefu. Katika mkonga mrefu wa toleo lililoanza mwaka 1999, umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni milimita 2,980. Katika pikapu ya toleo hilo ni milimita 3,180. Sentimita 20 ni kidogo machoni, lakini dereva atazihisi akipinda kwenye mitaa myembamba ya Ngamiani, na atazihisi zaidi tumbo la gari linapovuka tuta kali au ukingo wa mtaro. Aliyezoea kugeuza mara moja atalazimika kurudi nyuma na kugeuza tena.

La pili ni wepesi wa nyuma. Mkonga huwa na bodi, vioo na viti vinavyokandamiza magurudumu ya nyuma wakati wote. Pikapu ikiwa tupu, uzito mwingi uko mbele kwenye injini, na springi zake za nyuma zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo wa tani moja na ushei. Kwa hiyo hurukaruka kwenye makorongo, na kwenye udongo uliolowa mkia wake huteleza mapema. Dereva apunguze mwendo, na katika njia ya utelezi atumie gia ya magurudumu manne kabla ya kukwama badala ya kungoja akwame. Wapo wanaoweka mifuko ya mchanga ili kutuliza mkia. Si vibaya, mradi mifuko ifungwe barabara na ikae karibu na kebini, isije ikawa kombora wakati wa breki ya ghafla.

La tatu ni mafuta. Mkonga mrefu huja na matangi mawili ya lita 90, jumla lita 180. Pikapu ya kebini moja huwa na tangi moja la lita 130. Tuchukue mfano wa gari linalotumia lita 13 kwa kilomita 100: la kwanza litakwenda kilomita 1,380 na la pili kilomita 1,000. Kwa safari za ndani ya mkoa tofauti hiyo haina uzito, lakini kwa mwenye safari ndefu za bara ni jambo la kupangiwa.

Viti vinavyopotea

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mkonga wenye benchi mbili za pembeni huweza kubeba hadi watu 13. Pikapu ya kebini moja ina nafasi ya watu wawili au watatu. Pikapu ya dabo kebini, iliyoongezwa kwenye ukoo huo mwaka 2012, hubeba watu watano. Gari linabadilishwa siku moja, lakini idadi ya watu wanaohitaji kusafiri haipungui siku hiyo. Walio wengi watatazama nyuma, wataona sanduku la wazi, na watasema, “Tutajibana.”

Hivyo ndivyo wanakwaya, wanamichezo wa shule, vibarua na waombolezaji wanavyojikuta wameketi juu ya kingo za bati. Ni desturi iliyoanza zamani. Wazee wanakumbuka “chai maharage”, zile pikapu na malori madogo yaliyobeba abiria waliokaa wakitazamana. Yalikuwa suluhisho la enzi ya uhaba wa mabasi. Hayakuwa salama wakati ule, na sanduku la wazi halijawa salama zaidi leo.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husonga takriban mita 14 kila sekunde. Likisimama ghafla, aliyefunga mkanda ndani ya kebini huzuiwa na mkanda. Aliyeketi nyuma hana cha kumzuia, naye huendelea na mwendo ule ule hadi akutane na bati, lami au mti. Likipinduka, hana paa. Aidha, watu wanane waliosimama huinua uzito juu, hivyo gari lenyewe huwa jepesi kupinduka kuliko likiwa na mifuko ya saruji yenye uzito ule ule iliyolala sakafuni.

Askari wa usalama barabarani wana mamlaka ya kulisimamisha gari linalobeba watu kwa namna ya hatari, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Hata hivyo, mzazi asimngoje askari. Mwanafunzi akiambiwa apande nyuma ya pikapu kwenda michezoni, mzazi ana haki ya kukataa na kuuliza basi liko wapi. Ni afadhali safari mbili za watu watano waliofunga mikanda kuliko safari moja ya watu kumi.

Mgonjwa si mzigo

Familia nyingi humkimbilia jirani mwenye gari mgonjwa anapozidiwa usiku. Mkonga uliweza kumlaza mgonjwa ndani, akiwa na msaidizi pembeni yake. Pikapu haiwezi. Kumlaza mgonjwa kwenye sanduku la wazi ni kumwongezea mtikisiko, baridi na mvua, na aliyeumia mgongo au shingo anaweza kudhurika zaidi njiani kuliko alivyodhurika alipoanguka.

Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga wenye dharura, upo mfumo wa taifa wa m-mama. Piga namba 115 bila malipo. Mhudumu atauliza mgonjwa yuko wapi na ana hali gani, kisha atapanga gari la wagonjwa au, lisipopatikana karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba hiyo na iandikwe ukutani kabla haijahitajika. Kwa wagonjwa wengine, kila mtaa ujue mapema ni jirani gani ana gari lenye kiti cha nyuma na paa, na namba yake ya simu iwe kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa. Njia ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo haitafutwi saa nane za usiku.

Mzigo nao una adabu zake

Pikapu ina faida ya kweli, nayo isidharauliwe. Mabomba ya maji, madawati, mapipa ya taka, miche na mashine za kufyekea huingia na kutoka kwa urahisi. Uchafu na harufu ya dawa haviingii walipokaa watu. Kwa kazi za namna hii mkonga ulikuwa ukiharibiwa viti bure.

Ila mzigo uwekwe ipasavyo. Ulio mzito ukae chini na usogezwe upande wa kebini. Katika dabo kebini jambo hili ni la lazima, kwa kuwa sehemu kubwa ya sanduku lake iko nyuma ya ekseli. Mzigo ukirundikwa mwishoni, uso wa gari huinuka na usukani huwa mwepesi kwa namna ya hatari. Kila kitu kifungwe kwa kamba imara, na mchanga na taka vifunikwe turubai.

Vipo vitu visivyofaa kabisa kukaa wazi. Chanjo nyingi hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na kasha lake la baridi halipaswi kupigwa jua la Tanga saa saba mchana. Likae ndani ya kebini. Nyaraka, mitihani na dawa navyo hivyo hivyo, hasa miezi ya masika na vuli.

Chumvi, adui wa ukanda wetu

Gari la pwani huliwa na kutu kabla ya kuliwa na kazi. Sanduku la wazi hupokea mvua, upepo wa bahari na, kwa wabeba samaki kutoka soko la Deep Sea, maji ya barafu yenye chumvi. Maji hayo hujificha chini ya zulia la mpira na kwenye maungio ya bati. Dawa yake ni rahisi. Osha sanduku kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku ile ile, inua zulia, zibua matundu ya kutolea maji, na usisahau chasisi upande wa chini. Paka rangi mchubuko ungali mdogo.

Makaratasi

Wapo wanaopeleka gari lao gereji likakatwe bodi ya nyuma na kugeuzwa pikapu. Paa na kuta za gari ni sehemu ya nguvu zake, hivyo kazi hiyo isifanywe na fundi wa kubahatisha. Mabadiliko ya bodi yanapaswa kutaarifiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ili kadi ya gari ilingane na gari lenyewe. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani bima iliyokatwa kwa gari binafsi la abiria inaweza kuleta mgogoro baada ya ajali ya gari la mizigo. Anayekusudia kubeba mizigo ya watu kwa malipo aombe leseni ya LATRA, na dereva mwenye daraja B, ambalo ni la magari yasiyo ya biashara, ahakikishe anapata daraja linalostahili.

Namna ya kuamua

Kabla ya kubadili gari, litazamwe daftari la safari la miezi mitatu. Kwa kila safari ihesabiwe ni watu wangapi walisafiri na ni mzigo gani uliobebwa. Ikiwa safari nyingi ni za watu wawili na mzigo mchafu au mkubwa, pikapu ya kebini moja inafaa. Ikiwa ni watu wanne na vifaa kiasi, dabo kebini inatosha. Ikiwa watu sita au zaidi husafiri pamoja mara kwa mara, pikapu haifai hata ikiwa bei yake ni nafuu, kwa sababu nafuu hiyo italipwa na wale watakaopanda nyuma.

Magari ya serikali za mitaa hutambulika kwa namba zinazoanza na herufi SM. Yamenunuliwa kwa fedha za umma, na ununuzi wake hupitia bajeti inayojadiliwa na Baraza la Madiwani. Kwa hiyo mwananchi anayo haki ya kumuuliza diwani wake katika mkutano maswali matatu: gari hili litafanya kazi gani, watumishi waliokuwa wakipanda lile la zamani watasafiri kwa njia gani, na mgonjwa atabebwa na nini? Ofisi iliyo na majibu ya maswali hayo imechagua gari kwa haki, liwe mkonga au pikapu. Isiyo nayo na ingoje kwanza, irudi kwenye daftari lake la safari.